Ramani ya mwaka 1916 siyo ramani ya leo

Mhariri,

Naomba nafasi nisahihishe jambo moja katika makala mliyoichapa hivi karibuni kuhusu nchi za Kiarabu na Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Mwandishi ameeleza kwamba mipaka ya leo ya Shamu (Syria) na Iraki ilichorwa na Mwingereza Mark Sykes na Mfaransa François Georges-Picot mwezi Mei 1916, ikabaki hivyo hivyo. Makubaliano yao ya siri ya kugawana nchi za Dola ya Uthmania, yaani ya Waturuki, yalikuwapo kweli, tena ya aibu, lakini ukiitandaza ramani yao utaiona Mosul, mji wa kaskazini mwa Iraki, iko upande wa Wafaransa na sehemu kubwa ya Palestina imewekwa chini ya usimamizi wa mataifa kadhaa. Hayo yote mawili hayakutokea. Walioamua ni wenye majeshi. Kikosi cha Waingereza kilicholetwa kutoka India kilishindwa hapa kwetu Tanga mwanzoni mwa Novemba 1914, na siku zile zile kikosi kingine chao kutoka India kikashuka Fao, pwani ya kusini mwa Iraki. Kabla ya mwezi kwisha kilikuwa kimekwisha kuutwaa mji jirani wa Basra. Waingereza walipofika Mosul mwaka 1918 hawakutoka, na Wafaransa nao wakauvunja kwa mizinga ufalme wa Waarabu wa Shamu chini ya Mfalme Faisal huko Maysalun, karibu na Damascus, Julai 24, 1920, ukiwa na umri wa miezi minne na nusu tu.

Lililonisikitisha zaidi ni kwamba njaa haikutajwa hata kwa mstari mmoja. Watu wa Mlima Lebanon waliishi kwa hariri: makonde yao ya ngazi yalijaa miforsadi ya kulishia viwavi wa hariri, na nafaka ilinunuliwa kutoka nyanda za Bekaa na Hauran. Manowari za Uingereza na Ufaransa zilipoifunga bahari, hariri ilikosa mnunuzi. Jeshi la Jemal Pasha, mtawala wa Kituruki wa Shamu, likachukua nafaka pamoja na wanyama wa kuibeba. Na mwaka 1915 nzige wakamaliza kilichosalia. Aliyekuwa na ngano ghalani alizikataa noti za Kituruki, akataka dhahabu. Waliokufa kwa njaa na maradhi hukadiriwa kuwa kati ya 100,000 na 200,000. Miaka hiyo bado huitwa kule safarbarlik, neno la Kituruki la kuwaita watu vitani, ambalo mzizi wake ni ule ule wa safari yetu.

Mei 6, 1916, Jemal Pasha aliwanyonga Waarabu 21 waliotuhumiwa uhaini katika viwanja vya Beirut na Damascus. Dola ya Uthmania ilikuwa imeitawala Shamu tangu 1516, na kwa maoni yangu vitanzi vile na njaa ile viliukata utii wa karne nne kabla jeshi lolote la kigeni halijaingia Damascus.

Nashauri toleo lijalo mchapishe ramani ya mwaka 1916 na ya leo ubavu kwa ubavu.

Mwalimu mstaafu wa historia,
Tanga