Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama Wafugaji Samaki, Moshi

Ndugu wajumbe wa kamati, ndugu wanachama, wazee wetu mliotangulia, habari za asubuhi.

Tumshukuru Mwenyezi Mungu aliyetufikisha mwaka mwingine. Tumempoteza mzee wetu mmoja wa Kahe, mwanachama mwanzilishi, aliyechimba bwawa lake kwa jembe la mkono wakati wengine tulikuwa bado hatujui kambale anakula nini. Chama kilishiriki msiba, na rambirambi ya laki moja ilifika kwa mjane.

Shughuli za kawaida mnazijua, nitazipita haraka. Mfongo, yaani mfereji wa maji unaolisha mabwawa ya juu, ulibomoka masika, tukaujenga upya kwa mawe na saruji. Mafunzo ya kuchanganya chakula cha samaki yalifanyika kwa siku mbili, tukajifunza kupima dagaa, mashudu na pumba badala ya kukisia kwa kopo. Mauzo ya Kwaresima yalikuwa mazuri, kila aliyepeleka perege soko la Mbuyuni alirudi na ndoo tupu. Desemba yalishuka, maana mtu akirudi kihambani, nyumbani kwao, kwa Krismasi anamtafuta mbuzi, hamtafuti samaki. Ndege wametusumbua na waliofunika mabwawa kwa wavu wamepona.

Sasa nije kwenye mahudhurio na ada, na hapa naomba mniwie radhi, nitasema kwa uchungu. Chama kina wanachama 64. Mkutano wa kwanza mlikuja 31, wa pili 24, wa tatu 17. Ule wa 17 tulikaa chini ya mwembe mpaka saa sita tukisubiri akidi, na mama mmoja aliyetoka Chekereni kwa miguu akaniuliza, "Mwenyekiti, kwani umetuita peke yetu?" Sikuwa na jibu. Lakini mkutano wa dharura wa mwezi wa sita, ule wa kuzungumzia samaki mpya, mlikuja 52, wengine mmesimama dirishani. Kumbe watu tunao, na nauli ipo.

Ada ni shilingi 5,000 kwa mwezi, yaani 60,000 kwa mwaka. Tulitegemea 3,840,000, tumekusanya 1,915,000. Waliomaliza ni 23, waliolipa kidogo kidogo ni 19, na 22 hawajatoa hata senti moja. Majina ninayo hapa, sitayasoma leo kwa sababu nawaheshimu, lakini mhazini anayo pia na dirisha lake liko wazi. Mimi binafsi nimelipa zangu zote tangu Januari, na risiti ninazo.

Naingia kwenye suala la yule samaki, amberjeki. Nimesikia yanayosemwa, na kwenye kundi letu la WhatsApp nimeyasoma. Mmoja ameandika kwamba mwenyekiti ana wivu, hataki wengine watajirike. Mwingine ameandika kwamba nilikwenda Tanga kula upepo wa bahari kwa hela ya chama. Sikujibu kule kwa kuwa jibu la jambo hili halienei kwenye simu. Leo nalijibu mbele yenu wote.

Mnakumbuka jinsi lilivyoanza. Alikuja ndugu mmoja, kavaa vizuri, ana video za Japani kwenye simu yake: vizimba vikubwa baharini, samaki wananyanyuliwa kwa nyavu, kila mmoja kama mkono wa mtu mzima. Akasema anaweza kutuletea vifaranga 2,000 kwa shilingi 2,400 kila kimoja, jumla 4,800,000, malipo yatangulie. Ndani ya wiki moja wanachama 38 mkachanga 50,000 kila mtu, yaani 1,900,000. Haya ni maajabu, kwa chama ambacho 5,000 ya mwezi haipatikani. Mfuko wa chama wakati ule ulikuwa na 3,100,000. Tungelipa, tungebaki na laki mbili.

Siku ya ule mkutano wa dharura alikuwa na chupa ya plastiki yenye vifaranga sita kama sampuli. Wote mliipokezana mkiitazama. Ilipofika kwangu nilifungua kifuniko, nikachovya kidole, nikaonja. Maji yalikuwa matamu kama ya mfongo wetu. Nikamtazama mhazini, naye akanitazama. Ndipo nilipotangaza kwamba fedha hazitoki mpaka tujiridhishe, ukumbi ukalipuka kwa kelele. Kamati ilipopiga kura tulikuwa wanne kwa wanne, na nikatumia kura yangu ya uamuzi kama katiba inavyoruhusu. Baadhi yenu mnasema nililazimisha. Ndugu zangu, kura ya mwenyekiti imewekwa kwa ajili ya siku kama ile.

Niseme wazi kwamba samaki mwenyewe si wa uongo. Ni samaki wa thamani kubwa, wa jamii moja na kolekole wa Pwani. Wajapani wanampenda mno, na aina yao kubwa wanampa jina jipya kadiri anavyokua. Kule upande wa Tokyo huanza wakashi, akawa inada, akawa warasa, na akishakomaa ndiyo buri. Ni kama sisi tunavyosema ndama, mtamba, halafu ng'ombe. Anayefugwa zaidi huitwa hamachi sokoni, na ndugu yake mwingine huitwa kampachi. Ufugaji wa buri ulianza mwaka 1927, katika mji wa Hikita, mkoa wa Kagawa, ambako Noami Wasaburo alitenga kidimbwi cha maji ya bahari akaanza kuwalisha humo. Leo wanafuga kwenye vizimba vya wavu baharini, na mavuno yao kwa mwaka yanazidi tani laki moja. Hawaii nao wana aina yao wanayoifuga. Australia wanaye ndugu yake mwingine. Kwa hiyo sikukataa kwa sababu ya ushamba.

Nilikataa kwa sababu huyu ni samaki wa bahari. Chumvi ya bahari ni kama gramu 35 kwa kila lita ya maji. Chukueni bwawa la mwanachama wa kawaida, mita 10 kwa 20, kina mita 1.2. Hiyo ni lita 240,000. Kuligeuza liwe bahari unahitaji kilo 8,400 za chumvi, yaani mifuko 168 ya kilo 50, kwa bwawa moja tu! Na bwawa la udongo linavuja. Yale maji yakishuka kwenye migomba ya jirani au kwenye mpunga wa Chekereni, kesi yake haitaisha kwa mjumbe wa nyumba kumi.

Kuna jambo jingine lililonishtua nilipolisoma. Huyu samaki husumbuliwa na minyoo bapa inayong'ang'ania ngozi na mashavu, akajikwaruza kwenye wavu mpaka anatoka vidonda. Njia mojawapo ya wafugaji wa Japani ni kumtumbukiza kwenye maji baridi, haya haya yetu yasiyo na chumvi, kwa dakika chache tu, minyoo ife, halafu wanamrudisha upesi baharini asije akafa na yeye. Yaani maji yetu kwake ni dawa ya dakika chache. Na sisi tulitaka ayanywe mwaka mzima.

Chakula nacho. Perege wetu anaridhika na pumba, mashudu na dagaa kidogo. Amberjeki ni mla nyama. Chakula chake cha vidonge kinataka protini karibu nusu ya uzito wake, na zamani walipokuwa wakimlisha samaki wabichi, dagaa na vibua, kilo moja ya nyama yake iligharimu kilo 6 hadi 8 za samaki. Nani hapa atamlisha mnyama wa namna hiyo, wakati dagaa tunawagombea na wafugaji wa kuku?

Halafu vifaranga wenyewe. Huko Japani, pamoja na utaalamu wote, vifaranga wengi wa buri bado huvuliwa baharini, chini ya mwani unaoelea, kisha hupelekwa vizimbani. Kumzalisha kwenye matangi inawezekana, ila ni kazi ya maabara. Wanaofuga kampachi kule Mediterania wamehangaika miaka na majike yanayogoma kutaga yakishafungiwa, mpaka wayachome homoni. Sasa mtu anayekuahidi vifaranga 2,000 wafike Moshi kwa basi, amewatoa bahari gani?

Hayo yote ningeweza kuyasema siku ile mkasema nimeyatoa kichwani. Ndiyo maana tulikwenda Tanga, mimi na mhazini, siku tatu. Gharama ni 612,000 na mchanganuo wake ni huu: nauli kwenda na kurudi kwa watu wawili 100,000, malazi usiku mbili 120,000, usafiri wa ndani pamoja na boti 92,000, posho 50,000 kwa siku kila mtu, jumla 300,000. Mnaolalamikia posho, someni katiba, kiwango ni kile kile tangu kabla sijawa mwenyekiti. Ila nakubali kwamba kamati ina ruhusa ya kutumia hadi laki tano bila mkutano mkuu, na tumezidisha 112,000. Zile 112,000 nimezirudisha kutoka mfukoni mwangu na mhazini amezipokea kama mchango kwa ujenzi wa mfongo. Sikutaka zitangazwe, lakini mmenilazimisha.

Pale soko la samaki la Deep Sea tulifika alfajiri, mashua zinaingia. Tukamkuta mzee mmoja mvuvi, tukamwamkia, tukamweleza shida yetu. Akainua turubai, akatuonyesha samaki mrefu, mgongo wa buluu kama kijivu, na ubavuni mstari wa rangi ya asali iliyofifia kutoka kwenye jicho hadi mkiani. Akaniwekea mkononi. Mzito, mgumu, mwili wote misuli. "Huyu mwenda mbio," akasema. "Hatulii mahali. Huko kwenu bara mtamtia wapi?" Nikamwambia, kwenye bwawa la maji ya mto. Mzee alinyamaza, akamfunika samaki wake. "Wanangu, ukimtia maji ya mto hafiki adhuhuri."

Tulikwenda pia kuona wanaofuga samaki aina ya mwatiko kwenye mabwawa ya maji chumvi. Watu wema, walituonyesha milango ya maji inayofunguliwa bahari ikijaa. Hao wana bahari mlangoni na bado hawajagusa amberjeki. Tuliporudi nilimpigia simu yule ndugu, nikamwomba atuonyeshe kibali cha kusafirisha vifaranga na mahali anapowazalishia. Alisema atakuja Jumatatu. Simu yake haijapatikana tena.

Waliochanga, fedha zenu ziko salama. Wanachama 29 wamechukua zao, 1,450,000. Wengine 9 wameomba 450,000 zao zihesabiwe ada ya mwaka huu mpya, na nawapongeza. Hakuna aliyepoteza shilingi. Naomba hilo liandikwe kwenye muhtasari kama nilivyolisema.

Hesabu kwa jumla: tulianza mwaka na 2,480,000, ada 1,915,000, faida ya kununua chakula kwa pamoja 640,000, jumla 5,035,000. Matumizi ni mfongo 1,150,000 mbali na nilichochangia, mafunzo 380,000, safari 612,000, ofisi na mengineyo pamoja na rambirambi 593,000, jumla 2,735,000. Salio 2,300,000, bila kuhesabu zile 450,000. Vitabu viko kwa mhazini, na mwenye swali aje na swali, asije na maneno ya kijiweni.

Kwa mwaka huu tunatarajia, Mungu akipenda, kupata mbegu bora ya perege dume tupu, kutafuta mashine ndogo ya kutengeneza vidonge, na kuona kama wafugaji wa bwawa la Nyumba ya Mungu wanaweza kushirikiana nasi kwenye soko. Jokofu la pamoja bado tunaliota. Yote yatategemea ada.

Jambo la mwisho kabla hatujaingia ajenda ya nne. Ile chupa ya sampuli yule ndugu aliiacha mezani. Niliwachukua wale vifaranga sita nikawatia kwenye bwawa langu dogo la Njoro, nimewatenga kwa wavu. Mlisema siku ile kwamba michirizi ya wima ubavuni mwao ni ushahidi, na ni kweli, kifaranga wa amberjeki anayo. Lakini wa perege anayo pia, na perege mchanga ana doa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni, ambalo amberjeki hana. Doa lile nililiona kwa miwani yangu ya kusomea usiku ule ule. Wanne wamepona, wana miezi saba bwawani, na mkubwa wao amefika upana wa kiganja changu. Nimewaleta leo, wako kwenye ile ndoo nyeupe karibu na mlango. Katibu ataisogeza mbele, piteni mmoja mmoja muwaangalie.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti