Malalamiko: mmepuliza dawa mara mbili na hakuna aliyeinama kuangalia shina

Kwa meneja wa huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Mimi ni mteja wenu, nilinunua kwenu saipresi 22 za Leyland za kufanya ua, mkaja kuzipanda wenyewe na nikalipia kabisa huduma ya kuzitunza. Nimeshapiga simu mpaka nimechoka, kila nikipiga anapokea mtu mwingine naanza kueleza upya, kwa hiyo leo naandika.

Iko hivi. Mti wa 7 kutoka getini ulianza na tawi moja tu, la katikati, likawa rangi ya kutu halafu kahawia, huku matawi ya jirani yake kijani kabisa, utadhani mtu kalipitishia kiberiti hilo moja. Fundi wenu wa kwanza aliuangalia akiwa kasimama njiani, akasema kiu hiyo, mwagilia kila siku. Nikamwagilia kila siku, udongo ukawa tope, na ndiyo nimekuja kujua baadaye kwamba mizizi ya mti huu ikikaa kwenye maji inaoza, yaani tungeweza kuongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza. Mti ulitaka maji mengi mara moja moja, yazame, udongo ukauke kidogo ndipo umwagilie tena.

Wa pili akasema utitiri. Akapuliza, invoisi ikaja. Jioni ile ile nikachukua karatasi nyeupe nikaiweka chini ya matawi ambayo hakuyafikia, nikayagonga, maana utitiri ukiwepo utaona vidoti vinatembea kwenye karatasi. Havikutembea. Nimegonga miti 6, nimepata vumbi na buibui mmoja. Sasa yeye aliuona wapi?

Wa tatu akaja na dawa ya ukungu wa majani, invoisi nyingine. Ukungu ule unaanzia matawi ya chini, kwa ndani karibu na shina, halafu unapanda na kutoka nje. Tawi langu liko katikati ya mti, limekauka lote mpaka ncha, na ya chini yake mazima. Hata mtu asiyejua lolote angeuliza kwa nini huu wa kwangu umeanzia katikati!

Nisiwe mchoyo wa shukrani, yupo mzee mmoja wa kwenu alikuja mwaka wa kwanza nilipopiga kelele majani ya ndani yanapukutika, akafunua matawi akanionyesha kwamba ni majani ya zamani yaliyokosa mwanga, kwa nje mti mzima, akasema hii ni kawaida akaondoka bila kuniuzia kitu. Huyo alishika mti. Sijui mlimpeleka wapi.

Mwishowe nimepiga magoti mwenyewe. Nimelifuata lile tawi mpaka linapoungana na lenzake, nikakuta gome limebonyea na kupasuka, na utomvu unachuruzika matone matone, mengine yameshakauka meupe. Nikakwangua kwa kisu: sehemu isiyougua ndani ni kijani kibichi, hapo kwenye kidonda ni kahawia iliyoiva. Ni kidonda cha gome, na dalili zote ni za kuvu wa Seiridium, ambaye dawa ya kupuliza haimtibu. Dawa yake ni mkasi: unakata chini ya kidonda kwenye sehemu isiyougua, unatoa tawi pale bustanini, na mkasi unaufuta kwa spiriti kabla ya kugusa mti mwingine.

Na hapa ndipo mlipoharibu zaidi. Huyo wa tatu, kabla ya kuondoka, alipogoa ua wote kwa mkasi ule ule alioanzia mti wa 7, hakuufuta hata kwa kitambaa. Sasa mti wa 8, 9 na 11 nayo ina matawi ya kutu. Na upande wa njia amekata mpaka kwenye mbao tupu ili ua unyooke, wakati saipresi hii haichipui tena kwenye mbao kuukuu, kwa hiyo yale matundu ndiyo ya kudumu.

Nikachimba kidogo chini ya shina. Mmepanda mti umezama kiganja kizima kuliko ulivyokuwa kwenye chungu, na mizizi bado imejizungusha duara vile vile, hakuna aliyeichambua. Mti wenye mizizi ya juu juu, ukiubana hivyo, jua kali likija unadhoofika na kuvu anapata mlango. Katalogi yenu imejaa sifa, eti chotara uliozaliwa Wales mwaka 1888, unarefuka karibu mita 1 kwa mwaka. Ya 1888 mnayajua, ya gome la juzi hamyajui.

Ninachotaka: mnirudishie hela za dawa zote mbili, mnibadilishie ile miti minne, na ua wote ukaguliwe na mtu atakayeinama. Na hiyo mipya isiwe lazima Leyland, kama mna aina inayovumilia zaidi niambieni ukweli, maana ua wa mti mmoja ukiugua unaugua wote, nami hilo nilipaswa kuambiwa kabla sijalipa.

Picha nimeambatanisha, ya tatu ndiyo ya utomvu. Tawi lenyewe nimelikata na kulifunga kwenye mfuko, sijalitia kwenye mboji, liko nyuma ya nyumba. Mtakayemtuma aje na kisu.

Mteja wenu wa miti 22