Tundu liko kwa wakala wa laini, si kwenye WhatsApp

Ndugu Mhariri,

Tangu kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu Mtwara, kishambuliwe na wapiganaji waliotoka Msumbiji Oktoba 2020, kila habari za uasi wa Cabo Delgado, jimbo la kaskazini mwa Msumbiji, zikivuma hurudi rai ileile: WhatsApp na Telegram zifunguliwe, vyombo vya usalama visome kila kitu.

Ujumbe wa WhatsApp hufumbwa kwenye simu ya mtumaji na kufumbuliwa kwenye simu ya mpokeaji. Njiani hata kampuni yenyewe haiusomi. (Telegram sivyo: ukiacha soga za siri, funguo inazo kampuni.) Ukimtobolea mpelelezi mlango wa uani, mwizi naye ataupitia. Mwaka 2024 Marekani ilibaini kuwa wadukuzi waliohusishwa na China wameingia katika mitambo ya kampuni za simu inayotumika kutekeleza amri za mahakama za kunasa mawasiliano. Na anayejificha kweli huhama: Osama bin Laden aliishi Abbottabad bila simu wala intaneti, akaja kupatikana kwa kumfuatilia tarishi wake.

Kampuni ya simu, bila kusikia hata neno, inajua nani kampigia nani, saa ngapi, kwa muda gani na kupitia mnara upi. Hiyo ndiyo mali ya mpelelezi, ila huku kwetu inapotosha upesi. Nani wa Newala au Tandahimba asiye na shangazi au mkwe ng'ambo ya Ruvuma? Simu za +258, namba za Msumbiji, ni za kila siku. Tuseme mtambo unachuja laini 500,000, unakosea 1 tu katika kila 100, na wahalifu wa kweli ni 50. Hata ukiwanasa wote, umezoa pamoja nao wakulima wa korosho wapatao 5,000. Wakisumbuliwa hao, nani tena atamwambia mwenyekiti wa kijiji kwamba kaona wageni porini?

Tundu lenyewe liko mezani kwa wakala, chini ya mwavuli. Laini husajiliwa kwa namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, na alama ya kidole. Wakala mjanja husema "kidole kimekataa, weka tena", kumbe cha kwanza kimeshakubali. Cha pili kinasajili laini atakayoiuza kwa mtu mwingine. Ikitumika katika uhalifu, upelelezi unaishia kwa bibi wa Nanyamba asiyejua lolote.

Piga *106# uhakiki namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Usiyoitambua, nenda nayo duka la kampuni husika, siyo kwa wakala, ukadai ifungwe. Ujumbe wa kitapeli utume 15040.

Kwa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, tunaomba hili: NIDA ya mtu ikitumika kusajili laini nyingine, apelekewe ujumbe kwenye namba yake ya zamani, na laini mpya isiwake mpaka ajibu. Aliyepoteza namba ya zamani aende dukani mwenyewe na kitambulisho mkononi.

Wasomaji wenu, mafundi wa mitandao,
Mtwara Mjini