Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Diwani: kabla ya kombe lijalo tunaomba choo

Mheshimiwa Diwani, mbukwenyi. Poleni na majukumu.

Mimi ni mkazi wa kata yako, mama lishe wa pale pembeni ya uwanja wa shule ya msingi. Ningependa haya tuyaongee uso kwa uso ila kila nikija ofisini naambiwa uko kikaoni, simu inaita tu, na baada ya kilichotokea Jumapili kwenye fainali ya kombe lako la mpira nimeona bora niandike hapa kila mtu asome.

Kwanza niseme ukweli, kombe lako tunalipenda. Msimu wa mechi biashara inakuwa nzuri kwakweli, wali unaisha mapema, wauza karanga na miwa wanapata, bodaboda wanapata, vijana ambao jioni wangekuwa vijiweni wanakimbia mazoezini, na wengine wanaota kuja kuichezea Dodoma Jiji siku moja. Kwahiyo asitokee mtu akasema mama fulani anapinga michezo. Tangu tuwe jiji 2018 viwanja vingi tulivyochezea tukiwa watoto vimepimwa vimekuwa nyumba, huu uliobaki tunauhitaji sana.

Ila mheshimiwa, watu wote wale wanaotoka kata nyingine wanakuja na Fuso na bajaji, wanakaa kuanzia saa saba mchana mpaka giza linaingia, wanakunywa soda, wanakunywa na pombe, wanajisaidia wapi? Hapo uwanjani hakuna hata tundu moja la choo. Wanaume wanamaliza kwenye ugo wa nyumba zetu, ukuta wa jikoni kwangu unanuka mkojo mpaka wateja wanahama benchi, na wanawake ndo wanateseka zaidi, wanagonga hodi kwa wenye nyumba wanaomba, wengine wanabana mpaka mpira uishe.

Jumapili wakavunja kufuli la choo cha wanafunzi wa kike. Jumatatu asubuhi watoto wamekuta kinyesi mpaka mlangoni, chupa zimepasuka ndani, walimu hawakuwa na namna wakawatuma wasichana nyumbani wakachukue ndoo za maji. Mwanangu yuko darasa la saba, mtihani wa taifa ni Septemba hii, namwona anarudi saa tatu asubuhi na sare anaomba ndoo na dettol akasafishe uchafu wa watu wazima waliokuja kuangalia mpira. Nililia mheshimiwa. Na maji yenyewe ni ya mgao, ile ndoo ndo ilikuwa ya kupikia.

Sasa kinachoniuma zaidi ni hiki. Mimi bwana afya akija akakuta sina choo cha wateja ananifungia, na ni haki yake, nilikopa vikoba nikajenga changu. Meza yangu siku ya mechi nalipia ushuru, mwenzangu wa chipsi analipia, anayetandika ubuyu chini naye analipia. Hivi ile hela inaenda wapi? Mi nahisi inaishia kwenye spika, jezi na ng'ombe wa bingwa, labda nakosea, labda hakuna aliyepanga hela ya usafi tangu mwanzo, lakini kama nakosea basi tusomewe mapato na matumizi tujue.

Mwaka jana siku ya fainali ulishika maiki pale katikati ya uwanja ukasema kabla ya msimu mwingine choo kitakuwepo. Tulikupigia makofi, mimi nilipiga na vigelegele. Msimu umekuja umeisha, hata tofali halijashushwa.

Na saa hizi ni kiangazi, upepo na vumbi tu. Mvua za Desemba zikianza ule uchafu wote unashuka korongoni, na wewe umekulia huku unajua kuna watu bado wanachimba visima vya mchanga kwenye korongo wanachota maji ya kunywa. Kipindupindu cha 2015 kilianzia Dar kikasambaa mikoani, tusisubiri kianzie uwanjani kwetu.

Nchi yetu inajiandaa kupokea AFCON 2027 pamoja na Kenya na Uganda, tunasikia mambo ya viwanja vikubwa, sawa tunafurahi. Sisi hatuombi jukwaa wala nyasi. Tunaomba choo. Matundu ya wanaume na ya wanawake, tanki la maji, na mtu wa kulipwa asafishe jioni baada ya mechi, ili choo cha watoto kibaki cha watoto. Vijana wa timu wamesema watachimba shimo wenyewe, sisi akina mama tutapika siku hiyo, wewe tuletee tofali, saruji na fundi.

Mkutano wa mtaa ukiitishwa njoo ututajie tarehe ya kuanza. Choo mheshimiwa, kabla ya kombe lijalo.

Mama lishe wa uwanjani
Dodoma