Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka, Mtwara

Ndugu wauguzi, wanachama wenzangu,

Vikao vya robo mwaka vilikaa, Siku ya Wauguzi 12 Mei tuliadhimisha, waliofiwa tuliwapa mkono wa pole. Hayo mnayajua.

Niende kwenye lililozua maneno. Kwa pendekezo langu, kamati ilichukua fedha za vitenge vya sare ikachapisha mabango ya orodha ya usalama wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani, ile ya 2008. Nasikia mwenyekiti "kala kitenge". Risiti ziko kwa mhazini, na wiki nzima sijaona mtu akiziulizia.

Orodha ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya dawa ya usingizi, kabla ya kisu, kabla ya mgonjwa kutoka thieta, yaani chumba cha upasuaji. Ilipokuwa kwenye karatasi, vema zote 19 zilikuwa zinawekwa kwa mkupuo, mama aliyepasuliwa kujifungua yuko wodini tayari. Hapo nani kauliza kama antibayotiki iliingia ndani ya dakika 60 kabla ya kuchana? Nani kahesabu gozi, vile vitambaa vya kufyonza damu, kwa sauti, kabla ya kuanza, kabla ya kufunga kizazi, na tena kabla ya kushona ngozi? Bango linasomwa wote wakisikia.

Chini yake tuliongeza mstari wetu kwa mama mwenye uchungu: mlango wa kizazi umefunguka sentimita ngapi? Wengi bado tunaanza kuhesabu uchungu kamili kwenye 4 na kudai sentimita moja kila saa. Mwongozo wa Shirika hilohilo wa 2018 unaanzia 5, na kwenda polepole peke yake si sababu ya kupasua kama mama na mtoto wako salama. Anayepelekwa thieta na sentimita 3 kwa maelezo ya "uchungu hauendelei" anatoka na kovu kwenye kizazi. Mimba ijayo kondo la nyuma laweza kung'ang'ania hapo, au kizazi kikapasuka njiani akitokea Nanyumbu. Kamba ya kitovu ikimtangulia mtoto, hapo hakuna mjadala, mkimbizeni.

Madaktari wawili walilalamika kwamba wauguzi wanawahoji. Nimewajibu kwa barua, nakala ipo kwenye faili.

Ada sasa. Daftari lina majina 64, waliolipa 23, jumla shilingi 552,000. Kikao cha Novemba tulikuwa 11. Wengine, naambiwa, korosho. Korosho haziokotwi usiku, na kikao kilianza saa 12 jioni.

Mwakani, Mungu akitujalia, mabango yafike Masasi na Newala. Vitenge navyo tutaona.