Hiyo dizeli usiirejeshe bado

Mjini, Unguja

Ndugu yangu Hamad,

Assalaam alaykum. Huku sote wazima, hofu kwenu nyinyi wa Wete. Salamu nyengine nitazitia mwisho nikikumbuka, maana ujumbe wako umenikalisha kitako.

Unasema ile Prado ya dizeli umeijaribu, umeiona nzito, injini imekufa, na arbuni yako unaitaka. Subiri kwanza, bwana we. Mguu wako ni wa petroli. 2TR, ile injini ya petroli uliyoizoea, hutoa nguvu zake zote kwenye mizunguko 5,200 kwa dakika, ndiyo maana unakanyaga mpaka ilie. 1KD, hii injini ya dizeli, mwisho wake 3,400. Ukiipandisha zaidi unapata mngurumo tu, gari haiongezi kitu. Yenyewe huvuta chini, baina ya 1,600 na 2,800 hivi. Kanyaga nusu, tulia, tabo, ile feni ya kusukumia hewa ndani ya injini, ijaze hewa; hapo pana kasekunde kamoja ka kimya, kisha utasikia mgongo unasukumwa. Nadhani hako ndiko ulikokaita uzito.

Kwa hivyo usiijaribu kwenye barabara tupu iliyonyooka. Pakia watu na magunia ya karafuu, uipandishe Mkoani kutoka bandarini. Petroli hapo itashusha gia na kupiga kelele. Dizeli itapanda kama punda wa Kombo, haendi mbio lakini hasimami. Kushuka ndiko kwa kuangalia. Petroli ukiachia mguu, hewa inazibwa na injini inaishika gari. Dizeli haizibi hewa namna hiyo, itakuponyoka, basi tia gia ndogo mapema, breki zisije zikanuka.

Sasa, huenda kweli ni mbovu, sikatai. Nenda asubuhi uiwashe mwenyewe ikiwa baridi, muuzaji asikutangulie kuipasha. Kugonga kidogo si kitu: haina plagi za cheche, mafuta yanawaka kwa joto la hewa iliyobanwa. Angalia moshi. Mweusi mzito na gari haivuti, basi mpira wa hewa ya tabo umepasuka au EGR, vali ya kurejesha moshi ndani ya injini, imejaa masizi. Mweupe usioisha, wenye harufu ya dizeli mbichi, ni nozeli zinazopuliza mafuta au plagi za kupashia injini ikiwa baridi. Wa buluu, inakula oili.

Ila ninaloliogopa mimi kwa 1KD ni washa, yaani vile vipete vya shaba, chini ya nozeli. Zikivuja, gesi ya moto inaingia kwenye oili, masizi yanagandana na kuziba chujio la pampu kule ndani ya sampu, bakuli la oili chini ya injini, na injini inakwama bila ya kukuaga. Fungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma. Ikipuliza moshi kwa nguvu, hapo arbuni idai, nami sitakuzuia. Uliza pia mkanda wa taiming ulibadilishwa lini. Wake ni kilomita 150,000, na ukikatika vali zinakutana na pistoni. 2TR ina cheni, hilo hukuwa nalo.

Ukiichukua, legeza skrubu chini ya filta ya dizeli mara kwa mara, maji yatoke. Na kituoni shuka uangalie wanatia nini! Petroli ikiingia, usiiwashe hata kidogo, tangi limwagwe kwanza. Pampu inalainishwa na hiyo hiyo dizeli.

Lakini kama safari zako ni skuli na sokoni tu hapo Wete, mie ningebaki na petroli. Dizeli haiwahi kupata moto, masizi yanajaa, na huo uzito utakuwa wa kweli.

Basi niambie: Mkoani unakwenda mara ngapi kwa wiki? Hiyo gari ni gia za mkono au otomatiki? Ulipokanyaga, moshi ulikuwa wa rangi gani, au hukutazama? Arbuni mmeandikiana? Na fundi wa Chake kaiona, au umemsikiliza Makame tu? Asha keshajifungua?

Wasalaam,
Khamis