Turuhusiwe kumchangia mgonjwa siku za likizo, si pesa pekee

Kwako Mhariri,

Mimi ni karani wa ghala katika kinu kimoja cha unga hapa Industrial Area, Nakuru. Mwaka huu natimiza miaka 17 kazini. Katika muda huo wote nimechukua likizo ya ugonjwa mara mbili tu: nilipoteguka kifundo cha mguu, na niliporudi na malaria kutoka matanga ya shangazi yangu Busia. Siku nilizobakisha kila mwaka zilipotea hivi hivi, wala sikuwahi kuziwaza, mpaka mwenzetu mmoja alipoishiwa na zake.

Tulimzoea kwa jina la Mjomba. Alikuwa fundi wa mashine ya kufungasha, mtu wa kuwahi lango kabla halijafunguliwa. Figo zake zilipofeli, daktari alimwambia asafishwe damu mara mbili kwa wiki, Jumanne na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara. Ukiongeza safari na ule unyonge anaotoka nao pale kitandani, siku imekwenda yote.

Naomba wasomaji tuhesabu pamoja. Kifungu cha 30 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinampa mfanyakazi siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha saba nyingine kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Kwa aliyeshikwa na homa ya mapafu huenda zikamtosha. Mjomba alikuwa anatumia mbili kila wiki. Alianza Januari, kufikia wiki ya saba zote 14 zilikuwa zimekwisha. Akaingia kwenye likizo yake ya mwaka, siku 21, akaimega mbilimbili. Mwanzoni mwa Mei hakuwa na hata moja. Kuanzia hapo kila Jumanne na kila Ijumaa ilikatwa mshaharani. Sisi hufanya kazi siku sita kwa wiki, kwa hiyo theluthi ya pesa yake ilikuwa inakwenda, na hapo bado hajalipa nauli, bado hajanunua dawa, na ana watoto wawili shuleni.

Tulichanga, ndiyo. Wakenya kwa mchango hatujambo. Tulifungua kundi la WhatsApp, kila mtu akatuma alichoweza kwa M-Pesa, tukamkabidhi shilingi 23,400. Mwezi wa pili zikapungua, mwezi wa tatu kundi likanyamaza, kwa sababu waliokuwa wanachanga ni vibarua na wapakiaji ambao nao wanakopa unga dukani. Pesa hatuna. Siku tunazo.

Vijana watatu wa shifti ya usiku wakaamua kumshikia zamu kimyakimya. Mmoja akitoka usiku anaendelea hadi saa nane mchana kwenye mashine ya Mjomba, na kadi inagongwa kama kwamba Mjomba yupo. Ilidumu wiki tatu. Msimamizi alipogundua, wote watatu walipewa barua za onyo, na Mjomba barua ya onyo la mwisho. Najua kugonga kadi ya mtu mwingine ni kosa, na kijana aliyekesha akisimama mbele ya mashine inayozunguka anaweza kupoteza vidole. Sitetei njia waliyotumia. Lakini nilimwona Mjomba akiisoma ile barua pale kwenye mizani ya ghala. Alikuwa ameishika kwa mkono wa kulia, kwa sababu wa kushoto ndio wenye mshipa uliounganishwa kwa ajili ya mashine ya damu. Ule mshipa umevimba kama kamba chini ya ngozi, na ukiuwekea kidole unausikia unatetemeka. Mkono huo haufai kubeba mzigo mzito, na robota moja la unga, pakiti 12 za kilo mbili, ni kilo 24. Aliikunja barua, akaitia mfukoni, akaniuliza kama lori la saa tano limeshafika.

Nilikwenda ofisini kuuliza kama naweza kumpa siku zangu saba za ugonjwa. Nilijibiwa kwamba siku hizo si akiba yangu: ni ruhusa inayotokana na cheti cha daktari, na asiyeugua hana cha kugawa. Kwa jinsi sheria ilivyoandikwa, naona jibu hilo lina ukweli. Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 26, inasema masharti haya ni kiwango cha chini. Hakuna kinachomzuia mwajiri na chama cha wafanyakazi kuongeza kipengele kwenye mkataba wa pamoja.

Na kama si siku za ugonjwa, basi za likizo ya mwaka. Kule Ufaransa wafanyakazi wa kiwanda kimoja walimchangia mwenzao siku 170 ili akae na mwanawe aliyekuwa na saratani, na Mei 2014 jambo hilo likawa sheria. Mtoaji hutoa bila kutajwa jina na bila kudai kurudishiwa, mwajiri akikubali, na haruhusiwi kutoa likizo yake yote. Marekani nayo imewaruhusu watumishi wa serikali kuu kupeana siku za likizo tangu 1988.

Kwetu ingewezekana hivi. Sheria yetu inataka likizo ikigawanywa, sehemu moja isipungue wiki mbili mfululizo. Hizo mtu apumzike mwenyewe, asiguswe. Kwa sisi wa siku sita, wiki mbili ni siku 12. Katika zile 21 zinabaki tisa. Watu kumi wakitoa siku tatu kila mmoja, ni siku 30, yaani wiki 15 za Mjomba kwenda hospitalini bila mshahara wake kukatwa. Mwajiri naye anapata mtu kazini siku ile ambayo angekuwa likizoni. Majina ya watoaji yabaki ofisini, na msimamizi asiruhusiwe kupita na karatasi akiwauliza watu mmoja mmoja, maana hapo hisani itageuka amri.

Mjomba aliacha kazi Agosti. Yuko kwao upande wa Njoro, na Jumanne na Ijumaa bado hupanda matatu alfajiri kuja mjini.

Mwezi ujao chama chetu kinaanza mazungumzo ya mkataba mpya. Pendekezo hili nimemkabidhi mwakilishi wetu kwa maandishi, likiwa na sahihi 41. Naomba COTU, muungano wa vyama vya wafanyakazi, na FKE, shirikisho la waajiri, walitazame pia, kwa sababu kinu chetu si peke yake chenye mgonjwa. Katika siku zangu tisa za mwaka huu, tano niko tayari kuzitoa leo.

Karani wa Ghala,
Nakuru